Karatasi Zilizorudi na Zisizorudi: Muhula wa Kwanza wa Kijana Mmoja wa Makete

Kijana ninayemwandika hapa alimaliza kidato cha sita na daraja la kwanza katika tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, akaja Iringa kusomea shahada ya ualimu. Muhula wake wa kwanza uliisha na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.3 pamoja na sapu, mtihani wa kurudia, ya somo la maendeleo, lile ambalo wanafunzi wote hulitaja kwa herufi mbili tu, DS. Mimi ni mhadhiri, na pia ni mshauri wa kitaaluma wa kundi la mwaka wa kwanza ambalo yeye yumo. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Nimebadilisha mambo madogo madogo asitambulike, na chuo sikitaji.

Nakiandika kwa sababu matokeo yalipotoka kila mtu alikuwa na maelezo yake tayari. Wenzangu ofisini walisema ni Kiingereza. Wenzake wa geto, yaani chumba cha kupanga, walisema alichelewa kuripoti. Nyumbani kwao, baba yake mdogo aliuliza kwa simu kama kijana ameanza pombe. Hilo la pombe halina ukweli hata chembe. Mengine mawili yana ukweli wake, lakini nilipoziweka maksi zake zote mezani, somo kwa somo, testi kwa testi, sikuona lolote kati ya hayo linaloeleza kwa nini alianguka hapa na kusimama pale.

Kuchelewa

Alifika wiki ya tano ya masomo. Jina lake halikuwamo kwenye awamu ya kwanza ya orodha ya Bodi ya Mikopo, na fedha ya kuanzia haikuwapo mkononi. Ilikuwapo shambani. Anayeijua Makete, au Njombe na Mufindi kwa jumla, anaelewa nasema nini: mzazi hupanda misindano mtoto akiwa bado mdogo, ili miti ije kumsomesha. Shamba la familia hii lilikuwa na miti ya miaka 9. Msindano wa kutoa mbao za maana unataka miaka 15 na zaidi. Mnunuzi alikuja, akalizunguka shamba, akataja bei ya kuni na si bei ya mbao. Baba, mama na baba mdogo walikaa kikao, wakaamua kusubiri awamu inayofuata.

Nimewasikia watu wakiilaumu familia kwa uamuzi huo, na wengine ni wasomi. Mimi siilaumu. Nyuma ya kijana huyu wapo wadogo zake watatu, na shamba ni hilo hilo. Kuuza miti michanga ili mmoja awahi wiki nne ni kumpokonya mwingine mwaka mzima baadaye. Wazazi wale walifanya hesabu sahihi kwa taarifa walizokuwa nazo, na jina lilitoka kweli. Taarifa ambayo hawakuwa nayo, na ambayo hakuna aliyewapa, ni nini hasa hutokea chuoni katika wiki hizo nne.

Hosteli alikuta zimejaa, akaingia geto Kihesa na vijana wawili aliosoma nao kidato cha sita. Bumu lake, ile shilingi 10,000 kwa siku ambayo Bodi huitoa kwa mkupuo, lilichelewa pia, kwa hiyo siku za mwanzo waliishi watatu kwa fedha ya wawili. Makande yalipikwa jioni na kuliwa mpaka kesho yake mchana. Naligusa kwa kifupi kwa sababu yeye mwenyewe halioni kuwa ndilo lililomwangusha, na namwamini.

Masomo yenyewe ya wiki nne aliyapata ndani ya siku moja, steshenari, yakiwa yametolewa kopi na kufungwa kwa spirali. Hiki ndicho kinachowapoteza wanaochelewa: wakishika lile bunda mkononi wanaona wamefidia kila kitu. Kumbe kilichowapita hakimo kwenye bunda. Wiki ya maelekezo ilikuwa imekwisha. Makundi ya kazi yalikuwa yamegawanywa wiki ya pili. CR, kiongozi wa darasa, kijana mwema kabisa, alimhurumia akamwingiza kwenye kundi la DS lililokuwa limeshamaliza kazi yake. Jina lake likaandikwa la kumi na moja kwenye jalada la kazi ambayo hajaisoma. Kundi likapata 7 kati ya 10, naye akapata 7.

Hizo ndizo maksi nilizozionea uchungu kuliko zote. Hazikumfundisha chochote, tena zilimpa moyo pasipostahili.

Namna alivyosoma

Hakuwa mvivu. Wenzake wa geto wananiambia alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kupiga msuli, mvua za Desemba zikinyesha juu ya bati kiasi cha kushindwa kusikilizana, naye yuko na tochi ya simu na lile bunda. Alilimeza lote. Alipokuja ofisini kwangu mara ya kwanza, baada ya maksi za testi kubandikwa, alisema kwa masikitiko makubwa, “Mwalimu, shikamoo. Mimi nasoma kuliko wote pale tunapokaa. Sijui nifanye nini tena.”

Nilimwomba anisomee kwa kichwa sehemu yoyote ya notisi za DS. Akasoma, karibu neno kwa neno, kwa dakika kadhaa. Nilimsikiliza kwa heshima, maana ndivyo alivyofundishwa kufaulu na ndivyo alivyofaulu. Kwa mwanafunzi wa HKL, insha ya kidato cha sita ina umbo linalojulikana: utangulizi, pointi sita, hitimisho. Kila pointi ina maelezo na mfano wake. Anayeshika pointi nyingi za mada nyingi anakwenda na daraja la kwanza. Nidhamu hiyo si ya kubezwa, na mtu aliyeimudu ana uwezo.

Chuoni swali hubadilika bila kutangaza kwamba limebadilika. Neno ni lile lile, “jadili”, ila sasa msahihishaji anataka kuona mwanafunzi amepima madai, ameleta ushahidi wa upande huu na wa upande ule, na amesema yeye anaona nini na kwa sababu gani. Pointi sita zilizoorodheshwa vizuri, zisizojibu swali lenyewe, hupata maksi chache sana. Kijana wetu hakujua hivyo. Wala waliofika wiki ya kwanza wengi wao hawakujua, na hilo nitalirudia.

Maksi zenyewe

Chuoni hapo kila somo lina maksi 40 zinazokusanywa muhula ukiendelea na 60 za UE, mtihani wa mwisho. Katika DS, testi mbili zilikuwa na maksi 15 kila moja na kazi ya kundi 10. Testi ya kwanza aliifanya siku tatu baada ya kushuka kwenye basi, akapata 4. Ya pili akapata 6. Ukijumlisha na zile 7 za kundi ni 17. UE alipata 19 kati ya 60. Jumla 36, yaani D, yaani sapu.

Hapo tu, maelezo ya kuchelewa yanatosha, na ya Kiingereza pia yanatosha. Nilichofanya ni kuyapeleka kwenye somo jingine nione kama yatasimama.

Somo hilo ni utangulizi wa isimu, linalofundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Testi ya kwanza ilikuwa wiki ile ile ya DS. Alipata 5 kati ya 15. Kwa Kiswahili! Kwa lugha aliyoipatia alama nzuri kidato cha sita, alishuka karibu sawasawa na alivyoshuka kwa Kiingereza. Basi kilichomwangusha wiki ile hakikuwa lugha. Wengine watasema ni kuchelewa, nami nakubali kwamba wiki ile kulikuwa na mkono wake. Lakini testi ya pili ya isimu alipata 11, na testi ya pili ya DS, iliyofanyika siku chache tu baadaye, akapata 6. Mtu yule yule, aliyechelewa kwa wiki zile zile, analala geto lile lile, anaamka saa ile ile. Katika somo moja maksi zimepanda zaidi ya mara mbili, katika jingine zimesogea kwa 2.

Tofauti niliipata kwenye begi lake. Karatasi ya testi ya kwanza ya isimu alikuwa nayo, imekunjwa mara nne, imesomwa mpaka inakatika kwenye mikunjo. Darasa lile lina wanafunzi wasiofika 100, na mhadhiri alizirudisha karatasi baada ya wiki mbili akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Kwenye jibu la kwanza aliandika: “Umetaja, hujaeleza.” Kwenye la pili: “Mfano huu ni wa kwenye notisi. Lete wa lugha unayoijua.” Maneno hayo machache ndiyo yaliyomtoa. Yeye ni Mkinga na Kikinga anakizungumza tangu utotoni. Kwenye testi ya pili alilinganisha ngeli za Kiswahili na za Kikinga, akaonyesha zinapofanana na zinapoachana, akasema kwa nini anadhani hivyo. Zikaja 11.

Karatasi ya DS hakuwa nayo. DS inasomwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wako zaidi ya 600 ukumbini. Maksi zilibandikwa ubaoni kwa namba za usajili, na karatasi zenyewe zikabaki kwenye maboksi ofisini. Aliona namba yake, akaona 4, akarudi geto kufanya kitu pekee alichojua mtu mwenye 4 anatakiwa kufanya, nacho ni kumeza zaidi.

Nilipitia masomo yake yote sita kwa jicho hilo. Isimu alimaliza na 55, fasihi na 62, na yote mawili karatasi zilirudi mapema. Misingi ya elimu, karatasi zilirudi wiki moja kabla ya UE, akapata 46. Historia hazikurudi, akapata 43. Stadi za mawasiliano hazikurudi, akapata 41. DS hazikurudi, akapata 36.

Pingamizi

Msomaji makini atasema masomo mawili yaliyomwendea vizuri ndiyo hayo mawili ya Kiswahili, kwa hiyo huenda ni lugha na si karatasi. Pingamizi hilo lina uzito na sikulipita haraka. Kiingereza kilimpunguzia maksi, sina shaka. Alisoma miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili kama watoto wengi wa nchi hii, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na hadi leo akisoma swali la Kiingereza huligeuza kwanza kichwani kabla ya kuanza kujibu. Katika stadi za mawasiliano, ambako Kiingereza chenyewe ndicho kinachopimwa, naamini lugha ilichangia kuliko kitu kingine chochote. Lakini zile 5 za isimu zinabaki palepale. Kama lugha ingekuwa ndiyo chanzo, asingeanza isimu na 5.

Jambo la pili ni wenzake. Katika kundi ninalolisimamia wapo waliofika wiki ya kwanza, wakakaa hosteli, wakahudhuria maelekezo yote. Waliopata maksi za chini kwenye testi ya kwanza ya DS, wengi wao walizirudia zile zile kwenye ya pili. Hawakuchelewa popote. Nao hawakuiona karatasi.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulikuja wakati wa sapu. Nilimpeleka kwa mhadhiri wa DS na kumwomba waitazame karatasi ya UE pamoja. Namshukuru mhadhiri yule, alikuwa na kazi nyingi na bado akatoa karibu nusu saa. Swali lilitaka mwanafunzi ajadili kama kutegemea zao moja la biashara kunazuia maendeleo ya kijiji. Kijana alikuwa ameandika sifa sita za nchi isiyoendelea, zimepangwa vizuri, kila moja na mfano wake. Alijibu swali jingine kabisa, na alilijibu vyema. Alipoona hivyo kwa macho yake alinyamaza, kisha akasema, “Kumbe hawakuuliza hili.” Miezi mitatu alikuwa anadhani amesahau pointi.

Kuanzia hapo tulifanya jambo moja tu. Kila wiki alichukua swali moja la miaka iliyopita, akaandika jibu la ukurasa mmoja kwa Kiingereza chake, akaniletea, tukalisoma pamoja. Majibu ya mwanzo yalijaa mifano ya Amerika ya Kusini, kwa kuwa nadharia ya utegemezi, inayosema nchi maskini hubaki nyuma kwa kuzitegemea tajiri, ilichipukia huko na notisi zimeifuata. Nikamuuliza pareto kule kwao iliwafanyia nini watu. Akaanza kueleza, kwa Kiswahili kwanza: wazee waliolima pareto, kiwanda kilichopo Mafinga, bei inavyopanda na kushuka bila mkulima kuulizwa, halafu watu walivyohamishia nguvu kwenye viazi na miti. Nikamwambia aandike hayo. Akauliza kama yanaruhusiwa. Swali lile liliniuma. Mtoto aliyekulia kando ya shamba la miti, aliyesubiri wiki nne kwa sababu ya umri wa miti, alidhani kwenye somo la maendeleo maisha yake mwenyewe hayaruhusiwi kuwa ushahidi.

Sapu alipata 53. Kwa kanuni za chuo hicho sapu haipiti C, kwa hiyo kwenye rekodi imeandikwa C na GPA haikutikisika sana. Lakini mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake hakikuwa kimebadilika kwa namna ya kupandisha 36 kuwa 53 katika muda ule. Atakayesema alisaidiwa na mimi, ndiyo, alisaidiwa. Msaada wote ulikuwa huo: aliandika, akarudishiwa, akaandika tena.

Kilichofuata idarani

Nilipeleka mapendekezo matatu. La kwanza, kwamba karatasi za testi ya kwanza zirudi kabla ya testi ya pili kufanyika, hata kwenye madarasa makubwa. Mhadhiri wa DS alipinga, na hoja yake ni ya kweli: karatasi zaidi ya 600, yeye na wasaidizi wawili, na kila mmoja ana masomo mengine. Mtu asiyewahi kusahihisha rundo kama hilo asimcheke. Tulikubaliana nusu njia. Sasa baada ya kusahihisha anatumia dakika ishirini za kipindi kuonyesha jibu moja zuri na jibu moja dhaifu, bila majina, na kueleza kilichowatenganisha. Si sawa na mwanafunzi kuiona karatasi yake, lakini ni tofauti kubwa na namba iliyobandikwa ubaoni.

La pili, maelekezo yarudiwe wiki ya sita kwa waliochelewa, maana kila mwaka wapo, kwa sababu ya awamu za mikopo na za udahili. Hilo lilipita bila mjadala.

La tatu, makundi ya kazi yasizidi watu watano, na jina la mtu lisiongezwe kwenye kazi iliyokamilika. Lilikataliwa, kwa kuwa makundi madogo yanazaa karatasi nyingi zaidi za kusahihisha. Hapa sikubaliani na idara na nimesema hivyo kikaoni. Kundi la watu kumi na mmoja ni watu watatu wanaofanya kazi na wanane wanaochangia fedha ya kuchapa, na tunawapa wote maksi moja kisha tunashangaa UE inapowaumbua. Nitalirudisha muhula ujao.

Kijana mwenyewe yuko muhula wa pili. Testi ya kwanza ya DS amepata 9 kati ya 15. Amejenga tabia ya kwenda ofisini, kugonga mlango na kuomba aione karatasi yake. Wahadhiri wengi wamempa nafasi. Mmoja alimjibu kwamba kanuni haziruhusu. Nimeiandikia idara kuuliza ni kanuni ipi hiyo, na imeandikwa wapi.